Niliwanywea Waliopotea

Ninaandika haya nikiwa nimegeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikiitazama karatasi moja kwa moja, maneno yanatoweka. Nikiitazama kwa pembeni, yanarudi. Ndivyo macho yangu yalivyo tangu nilipokuwa msichana wa sekondari, Bukavu, katika miaka ya vita. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa jeupe kama pamba. Uso wa mtu ninayeongea naye siuoni. Naona masikio yake, mabega yake, na watu waliosimama nyuma yake.

Naandika kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto anayenukia pombe asubuhi, na kwa ajili ya mtoto huyo mwenyewe. Mimi si daktari. Nilimaliza sekondari kwa kuchelewa, kisha nikaanza kuzunguka: Uvira, Kalemie, Kindu, nikiuza vitenge, nikikaa mahali mpaka wanaanza kunijua jina, halafu nahama. Sitaeleza pombe inafanya nini ndani ya ini. Nitaeleza jinsi ilivyoingia nyumbani kwetu, maana ilipita mlango ambao hakuna mtu anayeulinda. Iliingia kama heshima.

Tulikaa Cimpunda, kule ambako nyumba zimepandana mlimani mpaka bati la jirani liko usawa wa kizingiti chako. Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa mota za mitumbwi kule ziwani. Siku ambayo vita ya kwanza iliingia mjini alikuwa kazini. Wengine walisema walimwona akipanda mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Idjwi. Wengine walisema walimwona njia ya Shabunda, katikati ya watu wengi, amebeba mota begani kama mtu anayebeba mtoto. Hakuna aliyesema amemwona amekufa. Hilo ndilo lililotufunga.

Koko, mama yake papa, alikuja kukaa kwetu kutoka Nyangezi, akitembea kwa miguu na godoro kichwani. Alileta pia desturi ya kwao. Mtu akisafiri, siku ya Jumamosi watu wanapokaa kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kikombe chake kinajazwa pamoja na vya wengine. Mtoto wake anakinywa kwa niaba yake, tone la kulowesha ulimi, kisha wazee wanamaliza. Ni mtoto kwa sababu mtoto hana ugomvi na mtu. Kikombe cha marehemu ni kingine: hicho kinamwagwa chini, udongo unywe. Kwa hiyo ukimnywea mtu, umesema yuko hai. Ukimmwagia, umemzika.

"Kikombe ya mwenye kusafiri hailale," koko alituambia Jumamosi ya kwanza. "Ikilala na pombe ndani, mwenyewe naye atalala mu njia."

Kikombe cha papa kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka upande anaoweka mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu Nsimire peke yake. Nilikalishwa kwenye kigoda cha papa, nikakishika kikombe kwa mikono miwili. Kasiksi ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu kulikuwa na ladha ya mtama uliokaangwa. Wazee walinyamaza nilipokuwa naonja tone langu. Nilikuwa sijawahi kunyamaziwa na watu wazima. Nilijisikia mrefu.

Basi ningeweza kuishia hapo, na desturi ya koko isingenidhuru. Lakini vita haikuisha. Njia ya Nyangezi ilifungwa, ndizi hazikufika tena mjini, na kasiksi ikawa adimu. Watu wakaweka kanyanga mahali pake, ile pombe kali inayopikwa kwenye mapipa kwa siri. Na wazee wa kumaliza kikombe walikuwa wamepungua: mmoja alikimbia, mwingine alikufa, mwingine aliogopa kutoka nje. Kikombe hakilali. Basi nilikimaliza mimi.

Jirani yetu maman Bisimwa alikuja Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, na chupa chini ya kitenge. Mume wake alichukuliwa barabarani abebe mizigo ya wanajeshi, akapelekwa msituni.

"Maman Nabintu," alimwambia mama, "mimi na Bisimwa Mungu hakutupatia mutoto. Nani atamunywea? Muache Nabintu amunywee na ya kwangu."

"Mutoto iko na masomo," mama akasema.

"Kikombe moja tu, maman. Jirani si ndugu?"

Koko alikuwa ameshasogeza kigoda. Mama aliangalia chupa, akaangalia mvua, akasogea kumpisha. Mama alikuwa mtu wa kusoma. Alipiga mashine ya kuandikia kwenye ofisi ya parokia. Lakini na yeye alikuwa mke wa mtu aliyepotea.

Nilikunywa. Kanyanga ilishuka kama waya uliotoka motoni. Nilifumba macho, na ndani ya giza la macho nikaona mtu anatembea kwenye matope.

"Unaona nini?" maman Bisimwa akauliza. Sijui kwa nini aliuliza. Hakuna desturi inayosema uulize.

"Iko anatembea. Iko na kiatu moja."

Watu walicheka. "Bisimwa na kiatu moja!" mtu akapiga kelele. "Ule mwenye kupakaa viatu siraji mpaka chini ya soli?"

Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, papa Bisimwa alirudi. Alipanda ngazi za udongo za Cimpunda saa za asubuhi, mwembamba kama mti wa kusimamishia maharage. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine aliufunga gunia.

Sasa ninajua kwamba nusu ya wanaume waliotoka msituni walikuwa na kiatu kimoja au hawana kabisa. Wakati ule hakuna aliyejua hivyo, hata mimi. Maman Bisimwa alinipigia magoti uani kwetu, mtu mzima kwa mtoto, akanishika miguu.

Baada ya hapo walikuja kutoka Cimpunda yote, halafu kutoka mbali zaidi. Maman mwenye shati la mwanawe. Mzee mwenye picha ya harusi iliyokunjwa. Wanandoa vijana, wafanyakazi wa shirika, wenye viatu safi na Kifaransa kizuri, ambao walisema hawaamini mambo haya na wakaacha chupa mbili. Kila mmoja alikuja na kikombe cha mtu wake. Jumamosi haikutosha; tukaongeza Jumatano, kisha siku yoyote. Vikombe vilipangwa ukutani, vya bati, vya plastiki, kimoja cha kioo chenye maua. Nilipokuwa nafagia asubuhi nilihisi vinanitazama.

Mtu akiniuliza kwa nini mama hakukataza, namwambia: kaa wewe kwenye kiti chake. Mbele yako kuna mwanamke analia anaomba mwanawe. Ukimwambia hapana, umemuua mtoto wake. Na ndani yako kuna sauti inasema, Bisimwa amerudi, basi kesho ni zamu ya mume wangu.

Mwili wangu ulianza kubadilika wakati wa kiangazi kilichofuata. Uso ulivimba, miguu ikakonda. Damu ya mwezi ilikoma, na koko alisema ni woga wa vita. Jasho langu lilinuka kama ganda la ndizi lililosahaulika ndani ya mfuko. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka sikuweza kufunga vifungo vya sare. Nsimire alinifungia, kimya, ulimi wake nje kama mtu anayetunga sindano. Nilijifunza kunywa kidogo kabla ya shule ili kalamu itulie. Wakati huo sikuwa namnywea mtu yeyote, lakini nilitaja jina la papa kwanza, ili isiwe ulevi.

Shuleni prefe wetu aliniita ofisini. Kwetu prefe ndiye mkubwa wa shule, na huyu alikuwa mkali; aliwahi kumfukuza mvulana kwa kutafuna majani ya kuficha harufu ya bia. Nilisimama mbele ya meza yake nikijua nimekwisha. Alinusa hewa. Akainuka, akafunga mlango.

"Weye ndiye ule mutoto wa Cimpunda?"

"Ndiyo, bwana prefe."

Alifungua mkoba wake wa ngozi. Akatoa chupa ndogo, na kikombe kilichofungwa ndani ya leso.

"Ndugu yangu," alisema. "Alikuwa anasoma Kisangani." Aliweka kikombe juu ya vitabu vya mahudhurio, akamimina mpaka ukingo. Nje darasa moja lilikuwa linaimba somo la jiografia, mito ya Kongo, moja baada ya nyingine. "Unywe. Halafu uniambie."

Nilikunywa. Nikamwambia nimeona mto.

Siku ile nilielewa kwamba hapakuwa na mtu mzima aliyebaki wa kunizuia.

Vita ya pili ilikuja. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuwaona hata bila kufumba macho. Nikipanda kutoka shule alasiri, ukungu ukiwa umeshuka juu ya Kadutu, waliokaa pembeni ya njia hawakuwa wote wauza ndizi na makaa. Walisimama nyuma ya wauzaji, kwenye mtaro, wamenyoosha mikono mitupu mbele yao, vidole vimejikunja kama vinashika kikombe. Sikuogopa, na hilo ndilo ninaloliogopa leo. Nilikuwa nawasalimia. Nilipita nikitafuta papa kati yao, na kila siku hakuwepo.

Ulikuwa mwezi wa mvua kubwa nilipoamka siku moja nikaona nyumba imejaa weupe.

"Maman, ukungu imeingia mu nyumba."

"Ukungu gani?"

"Fungua dirisha itoke."

Nilisikia maji yakitiririka kutoka kwenye bati, na kuku. Kisha mkono wake ukanigusa shavu.

"Dirisha iko wazi tangu asubuhi," alisema.

Nilikuwa nimekunywa siku iliyopita kikombe cha mtu ambaye hata jina lake sikulishika. Pombe ile ilitoka kwenye dumu jipya lililofika sokoni, la bei ndogo, na watu wengi walikunywa humo. Mama alinibeba mgongoni, mimi msichana mkubwa, miguu yangu ikiburuta kwenye matope. Papa Bisimwa alinipokea katikati ya mlima. Alinibeba mpaka hospitali, akihema, akisema neno moja tu kila hatua: "Pole. Pole. Pole."

Nakumbuka benchi la kusubiria. Lilikuwa baridi na lina mbao moja iliyolegea inayobana nguo. Kulia kwangu kulikuwa na mwanaume mwenye sauti ya kuchekesha.

"Dada, weye unaona nini?"

"Maziwa."

"Mie pia niko mu maziwa. Basi tuombe sukari."

Watu wawili watatu kwenye benchi walicheka, nikajua wote ni wa dumu lile. Mtu mmoja alikuwa anatapika ndani ya ndoo. Muuguzi, maman mmoja mwenye ndala zinazopiga sakafu kama makofi, alikuja akaninusa mdomo.

"Iko darasa la ngapi?"

Mama alimwambia.

"Nani alimupa?"

Mama alinifuta matope miguuni.

"Maman, nakuuliza. Nani alimupa mutoto pombe?"

"Sisi wote," mama akasema.

Kisha daktari alimwambia jambo ambalo mama alidhani ni dhihaka. Alimtuma dukani atafute pombe ya chupa, ile ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa.

"Dokta, unanicheka? Mutoto anakufa na pombe, weye unaniambia nilete ingine?"

"Maman, ile alikunywa haikuwa pombe, ni sumu. Dawa yake ya kweli hatuna, vita imefunga njia. Hii itashindana nayo mu mwili. Ni sisi tutapima, si weye. Fanya mbio."

Mama alikwenda. Alirudi ameloa, chupa kifuani. Muuguzi alinipa kwa kipimo, saa kwa saa, na serum, yale maji ya dripu, mkononi, na kila mara aliponiletea mama aligeukia ukuta. Msijaribu jambo hili nyumbani. Mtu aliyekunywa sumu ile apelekwe hospitali bila kusubiri ati alale ulevi umtoke. Nalisimulia kwa sababu ya ule ukuta. Kwa mara ya kwanza mtu alinipa pombe kama kitu kibaya, na mama alishindwa kutazama.

Yule wa maziwa aliwekwa kitanda cha jirani. Tulizungumza kidogo. Aliniambia ana binti wa rika langu, na kwamba akitoka atanunua redio. Asubuhi moja nilisikia kikombe kikigonga kando ya kitanda chake, nikamwuliza: "Bado maziwa?" Hakujibu. Niliuliza tena. Muuguzi akaja na ndala zake.

"Unaongea na nani?"

"Na papa wa hapa."

"Hapa hakuna mtu, mutoto. Kitanda iko wazi tangu jana."

Ile pombe ya kipimo iliposimamishwa, mwili wangu ulidai yake yote. Nilitetemeka mpaka kitanda kikatembea. Na wao wakaja, ndani ya weupe ule, wote niliowanywea. Walisimama kuzunguka godoro, karibu kuliko walivyowahi kusimama njiani. Hawakuwa na nyuso, kwa kuwa kila nilipowatazama nyuso zilifutika. Walisema jambo moja tu, kwa sauti za chini, kama watu walioko kanisani: Kikombe yangu imelala. Kikombe yangu imelala. Niliwauliza papa yuko wapi. Wakaniambia hawamjui.

Kilichonirudisha ni bui, yaani uji. Mama alinipikia bui ya sosoma, unga wa soya, mtama na mahindi, kwenye makaa nyuma ya hospitali, akanilisha kwa kijiko, na kila kijiko alikipuliza vile vile kama nilipokuwa mdogo. Harufu ya soya na moshi ilinionyesha kitanda kiko wapi, ukuta uko wapi. Kisha siku moja niliona, upande wa kushoto kabisa, kitu cha njano. Niligeuza kichwa, kikapotea. Nikageuza pembeni, kikarudi. Ilikuwa kitenge cha mama. Muuguzi alipiga makofi, ya mikono safari hii.

"Utajifunza kuangalia kama kuku," alisema. "Kuku anaonaka vizuri."

Tuliruhusiwa mvua zilipokatika. Muuguzi alimvuta mama kando, lakini masikio yangu yalikuwa mazima. "Maman, huyu akigusa tena, hata tone, usinirudishie. Unirudishie kabla hajagusa."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Papa Bisimwa alikuja kutupokea, akabeba mizigo. Nilitembea mbele, mkono ukutani, kichwa nimekigeuza kama kuku. Kabla ya kona ya nyumbani nilisikia ukimya ule, ukimya wa watu wazima wanaomsubiri mtoto anywe. Nikadhani ni homa.

Niliingia uani. Pembeni mwa jicho langu niliona vikombe ukutani. Niliona koko na rozari. Na katikati ya watu, juu ya kigoda cha papa, niliona msichana wa sare ya shule ameshika kikombe cheupe kwa mikono miwili. Nilijiona mimi. Nilisimama nikiwaza kwamba nilikufa hospitalini, na kwamba sasa mimi ni mmoja wa wale wasimamao pembeni.

Yule msichana akaniita kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa kwetu: "Yaya!"

Ilikuwa Nsimire. Alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi.

"Yaya, nilikushikia kazi," alisema kwa furaha. "Namunywea papa vizuri. Sitapikake tena."

Nikanusa. Kutoka kwake, kutoka kwenye sare yangu ya zamani iliyokunjwa pindo, kulikuja ile harufu ya ganda la ndizi.

Koko alisema haraka, "Maman Nabintu, usikasirike. Kidogo tu. Weye ulikuwa ku hospitali, na kikombe ya mutoto wangu ilikuwa inalala. Ningefanya nini?"

Mama aliweka sufuria ya bui chini. Alitembea mpaka kwenye kigoda, akachukua kikombe kutoka mikononi mwa Nsimire, taratibu, bila kumwaga hata tone. Watu walidhani atakinywa mwenyewe. Hata mimi.

Alikwenda katikati ya ua, penye udongo mtupu.

"Maman Nabintu," koko akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ukimumwangia umemuzika."

"Najua, koko."

"Hatukumuona. Hatuna hata kiatu yake. Anaweza kuwa Idjwi. Anaweza kuwa anakuja sasa hivi, iko pale chini mu ngazi..."

"Najua, koko. Niko na watoto wawili. Mmoja wameisha kumurudisha nusu." Mama akasema polepole: "Bwana yangu amekufa."

Akainamisha kikombe. Kanyanga ilianguka kwa uzi mwembamba. Sikuuona uzi, nilisikia udongo ukinywa.

Kisha koko alifungua kitambaa chake cha kichwani, akakiacha kianguke, akapiga ukelele ambao nadhani alikuwa ameubeba tangu Nyangezi. Mama alipiga magoti karibu yake. Wawili wale walilia kilio cha msiba, kile chenye majina ndani yake, na majirani wakaanza kuingia kutoka nyumba za juu na za chini, kwa sababu kilio kile kila mtu anakijua na hakiulizwi.

Maman mmoja aliyekuwa amekuja na kikombe cha mwanawe alisema, "Na sisi wengine? Nani atatunywea sasa? Bisimwa, weye semea! Si ulirudi juu ya mutoto huyu?"

Papa Bisimwa alikuwa bado ameshika mizigo yetu. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu msituni.

"Mimi sikurudi juu ya pombe," alisema. "Nilirudi juu ya miguu. Niulizeni miguu yangu." Akaangalia chini. "Na huyu mutoto nilimubeba. Alikuwa na uzito ya ndege."

Wengine walimwaga vikombe vyao siku ile. Wengine walivifunga kwenye vitenge wakaondoka wamekasirika, na wengine hawakutusalimia tena mpaka leo. Siwalaumu. Kesho yake mama alinyolewa nywele kama mjane, na tulikaa matanga bila maiti. Tulikunywa chai. Prefe alikuja, akakaa nyuma, akaondoka mapema. Baadaye nilisikia kwamba kabla ya masomo alisimama mbele ya wanafunzi wote, akawaambia kwamba mtu mzima yeyote akiwapa pombe, hata akiwa baba, hata akiwa padri, hata akiwa yeye, wapige kelele mpaka barabara isikie. Wengi walicheka. Nsimire hakucheka.

Kupona kwangu hakukuwa na siku moja. Kulikuwa na kiangazi cha kutetemeka, mvua za hamu, na kiangazi kingine cha kulala mchana. Yalinisaidia mambo madogo: bui, kuku wa muuguzi, koko aliyekataza pombe isipite tena mlangoni kwetu hata kwa misa ya ukumbusho, na Nsimire aliyenisomea masomo kwa sauti nikamaliza shule kwa masikio. Ukiwa na mtoto wa namna hii, usianze kwa kumwuliza kwa nini anakunywa. Muulize ananywa badala ya nani.

Niliondoka Bukavu baadaye, na tangu hapo nazunguka. Watu wananidhania natafuta wateja. Katika masoko ya mbali, pembeni mwa jicho, wakati mwingine naona mwanaume amebeba kitu kizito begani kama mtu anayebeba mtoto. Zamani nilikuwa nageuka. Nikigeuka, doa jeupe linamfunika. Siku hizi sigeuki; namwacha apite na mzigo wake.

Mwaka huu nilirudi nyumbani kwa majuma machache. Mama amezeeka, koko tulimzika kwa kaburi la kweli. Nsimire ana watoto. Mdogo wao alitoka kucheza na kiu, akapanda kwenye kiti, akashusha kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu.

"Tantine, hii iko ya nani?"

"Ya koko yako mwanaume. Alikuwa fundi wa mota."

"Iko wapi?"

"Alikufa," nikasema.

Mtoto alichota maji kwenye ndoo, akanywa yote, akafuta mdomo kwa mkono. Kisha, kama mama yake alivyomfundisha, alikisuuza kikombe, akakiinamisha juu ya meza, mdomo chini, akakimbia nje kucheza. Nilikaa nacho mpaka maji yaliyobaki yalipokauka. Kikombe kililala, na hakuna hata mmoja wa wale niliowanywea aliyekuja kunidai.